Kutoka Rupingazi hadi Kathita: data yetu inalala wapi?

Saiba iko ghorofani, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo, hatua chache kutoka stendi ya matatu mjini Embu. Ukimaliza ngazi unakuta benchi la wateja, kompyuta nne, mashine ya kutoa kopi na kijana aliyejifunika jaketi zito, maana Julai ya Embu ni manyunyu na baridi tangu asubuhi hadi jioni. Nilimkuta akimhudumia bibi aliyekuja kumwombea mjukuu wake cheti cha kuzaliwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali.

"Shosho, nywila tuliweka gani?"

"Si wewe ndiye uliyeandika?" bibi akajibu. "Tazama kitabu chako."

Kijana akavuta daftari la jalada gumu kutoka chini ya meza, akapekua, akapata. Kurasa zilijaa namba za simu, anwani za baruapepe na nywila za watu wa Embu, zimepangwa vizuri kwa mistari ya rula, nyingine kwa wino wa bluu, nyingine kwa wino mwekundu. Akafungua akaunti, akaweka kitambulisho cha bibi juu ya skena, picha ikajitokeza kwenye kioo. Bibi akalipa, akachukua karatasi zake, akashuka ngazi taratibu huku ameshika ukuta. Picha ya kitambulisho chake ikabaki ndani ya kompyuta.

Nilimwomba kijana anionyeshe faili zilizomo. Hakusita hata kidogo. Tulizipitia pamoja: vitambulisho mbele na nyuma, hatimiliki za mashamba ya Manyatta na Runyenjes, barua za wito wa vyuo, majibu ya vipimo vya hospitali, ritani za kodi, picha ndogo za watoto wa shule. Nyingi zimebeba jina lililotolewa na mashine, yaani skani na namba. Chache amezipa majina mwenyewe: mama wa kuku, mwalimu mrefu, baba pacha. Mtu mmoja unaweza kumkuta mara nyingi, kitambulisho kilekile kimepigwa skani upya kila alipokuja, kwa sababu kuitafuta ile ya zamani ni kazi kubwa kuliko kupiga nyingine.

"Mbona huzifuti?"

"Nikizifuta nitakosana na watu," akasema. "Mtu anarudi baada ya miezi mitatu ananiambia, toa ile kopi ya shamba, yangu ilinyeshewa. Hapa ndipo wanapoweka."

Hapa ndipo wanapoweka. Nilikuwa nimepanda ngazi zile nikidhani nitakuta uzembe, nikakuta imani kubwa isiyo na kufuli. Hatari yake haifichiki. Kitambulisho, namba ya simu na tarehe ya kuzaliwa vikiwa pamoja, tapeli anaweza kujifanya wewe mbele ya wakala wa laini au mkopeshaji wa simu, na kompyuta ile inatumiwa na kila aliye na shilingi chache za kulipia dakika kumi. Lakini kijana huyu si mwizi. Ni mtunza nyaraka wa watu ambao simu zao zimejaa, ambao nyumbani hawana kompyuta, na ambao wamemchagua kwa sababu anawajua kwa sura na hawasemeshi kwa ukali. Kazi hiyo hakuna anayemlipa kuifanya, wala hakuna aliyemfundisha namna ya kuifanya.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu Novemba 2019, na kamishna wa kwanza wa data, Immaculate Kassait, aliapishwa mwaka uliofuata. Sheria inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa sababu inayojulikana, zisikae muda mrefu kuliko sababu hiyo inavyohitaji, na zikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mwenyewe, kamishna ajulishwe ndani ya saa 72. Meno sheria hiyo inayo: Septemba 2023 shule moja ya Nairobi, Roma School, ilitozwa faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuweka hadharani picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Biashara ndogo yenye wafanyakazi wasiofika kumi na mapato ya mwaka yasiyofika milioni 5 kwa kawaida imesamehewa kujisajili. Haikusamehewa kulinda. Kijana alinisikiliza kwa makini, kisha akaniambia kwamba watu wa kaunti hupanda ngazi zile kuja kuuliza leseni, wa data hajawahi kuwaona.

Alichokumbuka yeye ni Julai 2023, eCitizen ilipozidiwa na mafuriko ya maombi bandia na kundi lililojiita Anonymous Sudan likadai ndilo lililofanya. Serikali ilisema hakuna data iliyopotea. Kwenye benchi lile la Embu, hata hivyo, watu walikaa wakingoja mtandao urudi, wengine wametoka Kiritiri kwa nauli ya kukopa, wakarudi mikono mitupu. Data ambayo haikuibwa lakini mwenyewe haipati siku anayoihitaji haimsaidii kitu.

Kabla sijaondoka tulifanya kazi kidogo. Tulipanga faili kwa tarehe. Zile ambazo zilikuwa nakala za nakala zikafutwa. Zile za wateja wanaorudi zikahamishiwa kwenye kabrasha moja lililofungwa kwa nywila ambayo anaijua yeye peke yake, na kompyuta za wateja zikaacha kuliona. Akaandika tangazo kwa kalamu ya rangi akalibandika ukutani: ukitaka tukutunzie, sema, usiposema, jioni tunafuta. Nusu ya diski ikawa wazi. Tulikuwa bado tunaitazama nafasi ile stima ilipokatika na betri ya dharura chini ya meza ikaanza kulia.

Nilitaka kuona stima ile inakotoka. Daraja la mto Rupingazi liko pale mjini Embu, na maji yake hayana safari ya kubahatisha: Rupingazi huingia Thiba, Thiba huingia bwawa la Kamburu. Nilipanda matatu ya Kiritiri. Barabara inateremka kutoka kwenye kahawa na migomba kuingia Mbeere, na kila kilomita chache unavua nguo moja. Ukifika Kiritiri jaketi umeshalikunja mapajani, wauzaji wa muguka wamejipanga kivulini, mbuzi wanavuka barabara bila haraka, na hewa ni kavu.

Kwenye mabonde haya ya mto Tana kuna mabwawa matano yaliyojengwa kwa miaka ishirini. Kindaruma lilianza kuzalisha mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Masinga, lililo juu kabisa, ndilo ghala la maji la yote. Gitaru, lenye megawati 225, ndilo kubwa kuliko yote kwa nguvu za umeme. Nilipofika bwawani, mlinzi alinikumbusha kwa adabu kwamba kupiga picha hakuruhusiwi. Nikasimama ukingoni kutazama kwa macho. Maji yalikuwa ya rangi ya udongo.

Mzee mmoja alikuwa akinywesha mbuzi wake. Nilimwamkia, tukazungumza habari za mvua, kisha nikamuuliza kama maji ni mekundu hivi siku zote.

"Tope hili lilikuwa shamba la mtu," akasema, akanyoosha fimbo kuelekea Mlima Kenya, ambao siku ile ulikuwa umefunikwa na mawingu. "Likishuka hapa halipandi tena."

Umeme wa maji haya hulisha pia seva zetu. Huko mbali, Shirika la Kimataifa la Nishati linakadiria kwamba vituo vya data vya dunia vilitumia saa-terawati zipatazo 415 za umeme mwaka 2024, takriban asilimia 1.5 ya umeme wote, na kiwango kinapanda haraka. Swali la mazingira basi ni umeme huo unatoka wapi. Hapo Kenya ina jambo la kujivunia bila kuona haya: karibu asilimia 90 ya umeme wake hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Seva inayolishwa na gridi yetu hutoa hewa ukaa kidogo sana ikilinganishwa na ile inayolishwa na makaa ya mawe. Mwaka 2015 Safaricom ilipohamisha mitambo ya M-Pesa kutoka Ujerumani kuileta nyumbani, wengi walisifu kasi ya miamala. Mimi nasifu pia kwamba kumbukumbu ya kila shilingi mia inayotumwa kutoka Maua kwenda Mombasa haikulazimika tena kulala kwenye nchi iliyokuwa ikipata sehemu kubwa ya umeme wake kutoka kwenye makaa.

Lakini umeme wa maji una masharti yake, na mzee wa mbuzi alikuwa ameyasema yote. Mwaka 2009 ukame ulipozidi, mitambo ya Masinga ilizimwa kwa kukosa maji. Kila lori la tope linaloingia bwawani huchukua nafasi ya maji ambayo yangetuvusha kiangazi. Na stima ya taifa ikipotea, kama ilivyopotea usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, hospitali, benki na vituo vya data huwasha jenereta za dizeli, na usafi wote wa gridi unaisha katika moshi wa saa chache. Anayelinda msitu wa Mlima Kenya na kuzuia mmomonyoko kwenye miteremko ya Embu analinda pia seva. Ningependa kuona jambo hilo likiandikwa kwenye mipango ya wizara ya mawasiliano, kwenye ukurasa uleule wenye bajeti ya nyaya.

Safari ya kaskazini kutoka Embu kwenda Meru ni ya madaraja. Barabara inazunguka ubavu wa mlima kupitia Runyenjes, Chuka, Chogoria na Nkubu, na kila baada ya kupanda kuna kuteremka kwenye mto: Ena, Thuci, Tungu, Nithi, Maara, Mutonga, Iraru. Yote humwagia Tana. Pale Nithi dereva alipunguza mwendo na abiria wakanyamaza, kwa maana kona ile imeua watu wengi. Pembeni mwa barabara, sehemu nyingi, unaona alama fupi za zege zinazoonyesha mahali mkongo wa mawasiliano ulipofukiwa. Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipokatika kwa pamoja, intaneti ya Afrika Mashariki ilisuasua. Yaliyohifadhiwa ng'ambo yakawa magumu kufikiwa, yaliyohifadhiwa nchini na kupitia kituo cha kubadilishania mawasiliano cha Nairobi yakaendelea vizuri zaidi. Kuweka data karibu na wenyewe kuna faida siku za shida.

Kabla ya Meru nilishuka nikapanda juu kwa bodaboda, kwenye majani chai ya Imenti. Jambo nililoliona kwenye kituo cha kununulia chai ndilo ninalotaka kulieleza kwa urefu.

Kituo ni banda la mabati lenye meza za mbao. Kina mama kwa wazee walikuwa wamemwaga majani yao juu ya meza wakichambua, wakiondoa yaliyokomaa, mikono ikienda huku mdomo ukipiga soga. Karani akaja na mzani wa kidijitali wa kuning'iniza, kifaa cha mkononi na printa ndogo iliyofungwa kiunoni. Mkulima anatoa namba yake, mfuko unaning'inizwa, uzito unaingia wenyewe kwenye kifaa bila karani kuuandika, uzito wa mfuko unapunguzwa, na printa inatema karatasi ndogo yenye kilo za leo na jumla ya mwezi. Zamani karani aliandika kwa kalamu, na kilo zilipungua kwa namna ambazo kila mkulima wa chai anaweza kukusimulia mpaka usiku uingie.

Mama mmoja alipokea karatasi yake, akaitazama, akafungua kifundo cha leso, akatoa daftari dogo la shule lililokunjwa mara mbili na kipande cha kalamu. Akaandika: tarehe, kilo, jumla. Karatasi akaiweka ndani ya daftari.

"Mama, karatasi unayo. Kwa nini unaandika tena?"

"Hii inafutika," akasema, akinionyesha ya mwezi wa pili. Ilikuwa nyeupe kabisa. Zile ni karatasi zinazochapwa kwa joto, hazina wino. Jua, mafuta ya mikono na muda huziosha zikawa tupu. "Bonasi inakuja Oktoba. Nitaenda kuuliza nini na karatasi nyeupe?"

Akafungua ukurasa wa mwezi uliopita. Jumla yake na jumla ya kiwanda zilikuwa sawa. Mwezi mmoja wa nyuma zaidi zilikuwa zimetofautiana kwa kilo sita. Alikwenda ofisini na daftari lake, wakafungua kompyuta, wakakuta siku moja haikuingia kwa sababu kifaa cha karani kiliishiwa chaji. Ikarekebishwa.

Nimesoma nyaraka nyingi za wataalamu kuhusu usalama wa data, na sijaona mfano ulio bora kuliko mama huyu. Nakala mbili, mikono miwili tofauti, kila mmoja akiwa na sababu ya kuitunza yake, na kila mwezi zinalinganishwa. Kiwanda kikiungua, daftari lipo. Daftari likilowa, kiwanda kipo. Akitokea mtu wa kubadilisha takwimu usiku kwenye hifadhidata, wakulima elfu kadhaa wana ushahidi mfukoni. Na hakuna kilichokusanywa zaidi ya kinachohitajika: namba, tarehe, kilo. Hakuna alama za vidole, hakuna picha ya uso, hakuna orodha ya marafiki kwenye simu yake. Mifumo mingi inayoletwa vijijini kwa jina la maendeleo huomba kwanza vyote hivyo ndipo ikuulize unahitaji nini. Mei 2025 Mahakama Kuu iliwaamuru Worldcoin kufuta data za macho na nyuso za Wakenya walizozikusanya kinyume cha sheria. Foleni za mwaka 2023 Nairobi, watu wakitazamishwa mashine ili wapewe sarafu za kidijitali, tunazikumbuka. Mzani wa chai haukuhitaji jicho la mtu.

Kiwanda cha chai cha Imenti kina jambo jingine la kujifunza. Kina mtambo wake wa umeme wa maji, wa takriban megawati 0.9, unaoendeshwa na mto unaoshuka kutoka msituni, na ziada yake huuzwa kwa gridi ya taifa. Wakulima wadogo wa Imenti walikuwa miongoni mwa wa kwanza nchini kuuza umeme wao kwa namna hiyo. Maji hayahifadhiwi kwenye bwawa kubwa, hupitishwa kwenye bomba, huzungusha mtambo, kisha hurudi mtoni. Mwenye chai, msitu na mto akiwa ni yuleyule, haihitaji semina kumwambia asikate miti ya chanzo.

Mjini Meru, penye mto Kathita, nilipokelewa na fundi wa mitambo ya kompyuta aliyeniomba nisimtaje yeye wala taasisi anayoitumikia, na ombi hilo lenyewe ni sehemu ya ulinzi. Chumba cha seva zamani kilikuwa stoo. Kina kabati mbili za chuma, nyaya zilizofungwa kwa utaratibu unaopendeza macho, na mlango unaohitaji funguo mbili. Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba hakikuwa na baridi.

"Nilipoajiriwa kiyoyozi kilikuwa nyuzi 17 usiku na mchana," akasema. "Unavaa koti kuingia. Nje kuna baridi ya mlima, na sisi tunalipa kutengeneza baridi nyingine."

Miongozo inayotumiwa na watengenezaji wa seva inaruhusu hewa inayoingia kwenye mashine kuwa kati ya nyuzi 18 na 27. Alipandisha kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, akiangalia vipimo vya joto, mpaka 24. Usiku wa Julai, wakati Meru inashuka chini ya nyuzi 15, kiyoyozi kinazimwa na feni inavuta hewa ya nje kupitia kichujio. Adui wa mbinu hiyo ni vumbi jekundu la kiangazi, kwa hiyo kichujio husafishwa mara kwa mara na kuna kitabu cha kutia sahihi kila kinapooshwa. Bili ya stima ilishuka kiasi cha mhasibu kuja kuuliza kama kuna mashine iliyoharibika.

Kisha akanionyesha yaliyomo. Sehemu kubwa ya nafasi ilikuwa imechukuliwa na faili ambazo hakuna aliyezifungua kwa zaidi ya mwaka: video za sherehe, picha za mkutano uleule zilizopigwa na watu watano, barua za waliostaafu, nakala za akiba za mfumo uliokwisha achwa. Zote zilikuwa kwenye diski zinazozunguka saa 24, zikila stima na kutoa joto ambalo kiyoyozi kinalipwa kuliondoa, sawa na mwenye nyumba anayeacha taa za vyumba vyote zikiwaka usiku kucha kwa ajili ya wageni walioondoka zamani.

Alizichambua. Za kufutwa kwa mujibu wa sheria, zikafutwa kwa kibali cha maandishi. Za kutunzwa lakini zisizohitajika kila siku, akazifunga kwa usimbaji fiche, akaziandika kwenye diski mbili kubwa, akazichomoa. Moja iko kabatini jengo jingine, ya pili iko mji mwingine. Taasisi kubwa hufanya hivyo kwa kanda za sumaku. Kanda moja ya kizazi cha LTO-9 hubeba terabaiti 18 bila kubana, watengenezaji huipa umri wa miaka 30 rafuni, na ikiwa rafuni haitumii umeme kabisa.

Nilimuuliza kama alifanya hivyo kwa ajili ya mazingira au kwa kuogopa wezi.

"Kwa ajili ya wezi," akasema. "Wanaofunga data na kudai fidia huanza na nakala za akiba. Wanatafuta kila kinachofikika, wanakifunga. Diski iliyochomolewa hawaifikii. Stima nilikuja kuiona baadaye kwenye bili."

Hilo ndilo nililotoka Embu nikilitafuta bila kulijua. Tumezoea kuambiwa kwamba usalama ni gharama kwa mazingira: nakala zaidi, mashine zaidi, umeme zaidi. Katika chumba kile mambo hayo mawili yalikwenda njia moja. Diski isiyokula stima ndiyo ambayo mwizi hawezi kuifikia. Faili ambalo halipo halivuji na halihitaji kupoozwa. Na chache zinazobaki hupata uangalizi wa kweli: kila mwezi fundi huchagua faili bila kupanga, akajaribu kuzirudisha kutoka kwenye nakala. Aliwahi kukuta diski ya akiba iliyokaa kabatini kwa imani kubwa haisomeki. Ndiyo maana zikawa mbili. Ufunguo wa usimbaji umegawanywa kwenye bahasha mbili zilizofungwa kwa lakiri, kila moja kwa mtu wake, ili asiweze mmoja kuzifungua diski peke yake, wala kifo cha mmoja kisizifungie milele bila utaratibu wa kuzirudisha.

Si kila kitu ni cha kufuta, na kwa hili naomba nieleweke vizuri. Makumbusho ya Meru yamo ndani ya jengo la zamani la ofisi ya mkuu wa wilaya, na ukizunguka mle unajiuliza ni mangapi ya wazee wa baraza la Njuri Ncheke yaliyopona kwa kuwa mtu aliyaandika wakati wangali hai. Upande wa Embu, H. S. K. Mwaniki alizunguka kwa wazee akawasikiliza, na Embu Historical Texts ya mwaka 1974 ikahifadhi maneno yao. Leo vijana wanarekodi babu zao kwa simu, wanaweka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, simu inaibwa au inajaa, na sauti imekwenda. Diski zetu zimejaa video za harusi zilizorudiwa mara tisa huku sauti ya mzee wa miaka tisini haina nakala hata moja. Kuchambua ni lazima hasa kwa sababu ya sauti hiyo.

Kituo cha mwisho kilikuwa kibanda cha fundi wa kompyuta karibu na soko la Gakoromone, ndizi mbichi upande mmoja, mafungu ya miraa yaliyofungwa kwa majani ya mgomba upande wa pili. Muuguzi wa kliniki moja ndogo alikuwa ameleta kompyuta kuukuu kuuza. Fundi akachomoa diski, akaiunganisha na mashine yake kuipima, akasimama, akamwita yule dada aliyekuwa ameanza kuondoka.

"Madam, rudi kidogo. Hii ina watu ndani."

Majina, umri, vipimo, dawa. Muuguzi alisema, na ni kweli, kwamba alizifuta zote jana yake. Fundi akamweleza bila kumwaibisha: ukifuta faili, kompyuta inafuta tu anwani yake kwenye orodha, lenyewe liko palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na programu za bure za kulirudisha ziko kila mahali. Diski ya kuzunguka kama ile inabidi iandikwe upya kote, mwanzo hadi mwisho. Zile za kisasa zisizo na sahani zina amri yao maalumu ya kujifuta. Ikiwa data ilikuwa imesimbwa tangu awali, kuharibu ufunguo kunatosha.

Wengine huvunja diski kwa nyundo. Fundi hapendi. Ikifutwa sawasawa itafanya kazi miaka mingine ndani ya kompyuta ya shule, na chuma, shaba na madini adimu yaliyochimbwa kuitengeneza hayatakuwa yamepotea bure. Ripoti ya Umoja wa Mataifa inasema dunia ilitupa tani milioni 62 za taka za elektroniki mwaka 2022, na chini ya robo yake ndiyo iliyorekodiwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Zilizokufa kabisa yeye huziweka kwenye gunia la kahawa nyuma ya kibanda, na gunia likijaa hutafuta gari la kulipeleka Nairobi, ambako WEEE Centre huzivunjavunja kitaalamu. Nauli ya gunia hutoka mfukoni mwake. Kaunti hizi mbili zingeweka mahali pamoja pa kukusanyia mjini Embu na pengine hapa, gharama yake ingekuwa ndogo kuliko ukarabati wa ofisi moja.

Kazi ya kufuta ingeendelea usiku kucha. Fundi akabandika kipande cha utepe wa karatasi juu ya diski, akaandika tarehe, akampa muuguzi kalamu atie sahihi kwamba ataiona ikiwa tupu kesho kabla haijauzwa. Alipotia sahihi, akauliza kuhusu kompyuta nyingine iliyobaki kliniki, ambayo haiwaki tangu mwaka jana.

"Ilete hiyo pia," fundi akasema. "Kutowaka haimaanishi imesahau."